Isimila Ulifika Ukiwa Picha

Salome, shoga yangu,

Wiki iliyopita tulikwenda Isimila. Ndiyo, kwenyewe. Ile safari ya somo lako la jiografia uliyoiomba muhula baada ya muhula, na mkuu wetu wa shule akawa anakucheka: "Mwalimu Salome, watoto wa Tabata wasafiri mpaka Iringa kuangalia mawe? Watafaulu hata bila mawe." Presha imekuangusha, umekufa, sasa imekuwa ruksa. Wameiita safari ya kukuenzi. Tulivalishwa fulana zenye picha yako kifuani. Kwenye picha unacheka. Mie sijui ulikuwa unacheka nini.

Ngoja nikusimulie, maana hukuona. Unashuka korongoni, kukavu, jua linachoma utosi. Unakata kona moja tu, zinakutokea. Nguzo nyekundu, ndefu kuliko ghorofa la shule, zimesimama mojamoja kama watu waliogoma kuondoka. Ulikuwa ukiwachorea watoto kwa chaki, ukiwaambia maji ndiyo yaliyozichonga. Kweli tupu. Ila rangi ile chaki haina, Salome. Ni wekundu wa tofali lililoiva tanuruni, na jua likipanda unazidi kukolea.

Wale watoto wako wa Kidato cha Pili, wasiojua kunyamaza hata kwenye mtihani, walinyamaza. Asnati aliweka kiganja kwenye jiwe akaanza kulia. Nikalia naye.

Basi mkuu akasimama mbele yetu, kapiga suti katika joto lile. "Marehemu alipapenda sana mahali hapa," akasema. "Na sisi kama shule tulimuunga mkono siku zote."

Siku zote! Damu ilinichemka. Nikasema kwa sauti, watoto wakisikia: "Hakuwahi kufika, mkuu. Wewe ndiye uliyemkatalia."

"Mwalimu Zuhura," akajibu polepole, "msiba umekuchanganya. Pole sana." Akaendelea na hotuba yake. Mwisho wakampigia makofi. Hata mumeo, aliyepewa kiti cha mbele, alipiga.

Tangu turudi, ofisini salamu yangu haiitikiwi. Sawa tu.

Mchanga ulioingia viatuni niliukung'uta kwenye karatasi nikuletee. Jana nikaja makaburini Segerea. Wamekusakafia, Salome. Vigae vyeupe, ukingo hadi ukingo, hakuna hata upenyo wa kuingiza kidole. Nikaumwaga pembeni, kwenye majani, nikaondoka na hasira zangu.

Pumzika, mwenzangu. Kusamehe kwa niaba yako sikuahidi, hilo siliwezi. Ninachokuahidi ni hiki: muhula ujao nitaingia ofisini kwake kuomba safari nyingine, na muhula unaofuata, na unaofuata, mpaka kila darasa ulilolifundisha lishuke korongo lile. Atakubali nikiwa hai, namtazama usoni.

Wako,
Zuhura