Moshi Ulioondoka Chupani

Bwenini, Tabora
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, na miguu yako isiwe imevimba tena kama ulivyoniambia likizo. Bibi anakula? Mvua imefika hapo Ipole? Huku ilinyesha mara moja ikakata, na vumbi limerudi kwenye madaftari yetu. Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi ndio unanipa shida kidogo, na sababu yake nitakueleza.

Nakuomba uisome peke yako kwanza. Usimpe mdogo wangu Shija akusomee, hata kama miwani imepotea.

Nataka kuzungumza juu ya chupa ya Baba. Najua hutaki itajwe. Kwa mdomo nisingeweza. Kwenye karatasi najitahidi.

Mnunuzi wa asali alipompa Baba ile wiski kama zawadi, ulisema kilevi hakivuki kizingiti cha nyumba ya Mmoraviani. Baba akaiweka stoo, katikati ya madumu ya asali. Kila aliporudi kutoka kambini porini, baada ya majuma ya kurina asali, alisimama nje ya mlango na kuita, "Mwangaluka, mama mwenye nyumba!" Nawe ulijibu kutoka jikoni, "Mwangaluka, mzee wa moshi. Unywe hukohuko nje!"

Alimimina kifuniko kimoja tu, akakishika bila kukinywa. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema, "Huyu ametoka kufungiwa. Mwache avute hewa kidogo, atakuwa mtamu." Kisha akaninusisha. Ilinuka moshi, moshi kabisa, kama koti lake, kama bomba lake la kufukizia nyuki. Ulicheka ukasema ndiyo maana wanapendana.

Baba alipofariki, wewe mwenyewe uliivusha kizingiti. Uliiweka kabatini, karibu na kitabu cha nyimbo. Kila Jumapili ukitoka kanisani, kabla hata ya kuvua kitenge, ulifungua chupa, ukainusa, ukaifunga. Nilikuwa nakuona, Mama.

Halafu likizo iliyopita moshi haukuwepo. Ulinusa, ukanipa na mimi ninuse, tukaonja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa kama maji yaliyolowekewa ubao. Chupa haikuwa imepungua, kwa hiyo ukasema mtu amekunywa akajazia maji, na mnywaji anayeingia humu ndani ni mmoja tu. Baba mdogo Masanja alikuwa kwenye kigoda anabangua karanga.

"Shemeji, mimi? Chupa ya kaka yangu?"

"Mlevi hana kaka," ulimjibu.

Aliweka sinia chini taratibu, karanga upande mmoja na maganda upande mwingine, akaondoka. Shija ameniandikia kwamba Baba mdogo hajakanyaga tena hapo nyumbani, na kwamba hata msibani kwa jirani mlikaa pande mbili.

Sasa nisikilize. Ule mkoba wa Baba wa porini ulionipa nibebee vitabu una mfuko mdogo kwa ndani. Nilikuta humo kichupa cha dawa ya kikohozi, mdomo umezibwa kwa nta kama Baba alivyoziba kila kitu. Kilijaa mpaka shingoni, ukikitikisa hakichezi. Nikajua ni wiski ileile, ile aliyokuwa akijimiminia kutoka chupa kubwa kwa ajili ya baridi ya kambini. Neema, ninayelala naye kitanda kimoja cha juu na chini, aliniona nimekishika.

"Kumbe mlokole wetu ana ya kwake!" alisema akicheka mpaka akalala chali.

Mama, kilevi bwenini ni kufukuzwa shule. Nikakipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa kemia.

"Umekileta kwa hiari yako?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Ni cha marehemu baba."

Hakunikemea. Nikamsimulia habari za chupa kubwa, kwa sauti ndogo hata ikabidi asogeze kiti.

"Ilikuwa imebaki wiski kiasi gani?"

"Robo, mwalimu."

"Na huwa inafunguliwa?"

"Kila wiki. Mama ananusa tu."

Akanieleza. Chupa ikibaki robo, kwingine kote ni hewa. Harufu nyepesi hupanda ndani ya hewa hiyo, na ukifungua zinatoka. Oksijeni inayoingia nayo huzibadilisha zile zilizosalia, polepole, mpaka ladha ipooze. Dakika chache kwenye kifuniko huilainisha wiski, kama Baba alivyosema. Miezi mingi kwenye chupa iliyo karibu tupu huimaliza. Ni hewa ileile, ila haijui wakati wa kuacha.

Tukaikata nta kwa wembe. Moshi ukatoka. Nililia mbele ya mwalimu, sikuweza kujizuia. Baba alikuwa pale, Mama, na koti lake.

Kwa hiyo hakuna aliyetia maji. Hakuna aliyeiba. Kila ulipomnusa, alitoka kidogo. Tafadhali usijichukie kwa hilo. Mimi kichupa nilikinusa mara moja tu, na palepale nilitaka tena.

Juzi mwalimu wa historia alitupeleka kwa miguu kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara. Alisema mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa kando ya njia na mzigo wake wakagawana wenzake. Wanafunzi wote waliandika. Mimi kalamu ilikataa. Akilini nilimwona Baba mdogo, siku Baba alipougua, akisukuma baiskeli, Baba amefungwa kwa kanga kwenye kiti cha nyuma, kifua kikikoroma, kutoka kambini mpaka barabarani ambako gari lingeweza kuwachukua. Asali yote aliiacha porini. Mtu huyo ndiye tuliyemwita mwizi.

Kichupa nimekivingirisha ndani ya soksi yangu. Mwalimu wa kemia mwenyewe atakikabidhi kwa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Usikiweke kabatini. Tumeshakifungua, hewa imeingia, na hakitangoja likizo yangu. Mtume Shija amwite Baba mdogo. Asimame nje ya mlango, palepale. Mpe kifuniko kimoja, na umwache akishike kidogo kabla ya kunywa. Wewe simama karibu naye, unuse.

Mimi sitakuwepo, lakini nimeshapata sehemu yangu.

Mwambie Bibi namkumbuka kila ninapokunywa uji usio na asali. Msalimie mama mchungaji anayekusindikiza kanisani, na jirani yetu fundi cherehani, sketi aliyonishonea bado inanitosha. Shija asiache hesabu.

Na zile karanga, Mama. Ulizifunga kwenye mfuko ukaziweka juu ya rafu, nyuma ya sufuria kubwa. Usiseme ulizitupa, niliziona siku ninaondoka. Mkaangie.

Ni mimi binti yako,
Kabula