Shikamoo Iliyopindua Mtumbwi Liuli

Jumatatu. Ukungu wa Mbinga haujainuka tangu asubuhi, nami nasubiri simu kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Nimebaki ofisini peke yangu. Wenzangu wamekwenda zao, bosi ameniachia kompyuta pamoja na onyo lake la kila siku kuhusu bili ya umeme. Simu yangu iko mezani. Edmund alisema atapiga jioni hii, akishaongea na mama yake na kupanda kile kilima cha nyuma ya hospitali, ambako ndiko mtandao unakopatikana. Sasa ni jioni.

Basi naandika. Nisipoandika nitamaliza kucha.

Wiki iliyopita niliwaahidi wasomaji wangu wachache hapa mtandaoni kwamba nikirudi nitawaeleza mambo ya kuona, ya kufanya na ya kula huko Liuli. Nilijifanya mtalii. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kupimwa, na nilijua.

Edmund ni mchumba wangu. Ni Mnyasa wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mwalimu wa shule ya msingi, na anajenga nyumba ya wageni ya vyumba vinne karibu na ufukwe. Anasema siku hizi biashara si ya serikali tena, kwa hiyo anasubiri nini. Sina la kumbishia, maana mimi mwenyewe nakula mshahara wa mnunuzi binafsi wa kahawa, mmoja wa hawa walioingia baada ya ushirika kuacha kuwa mnunuzi pekee. Alitaka niwe mgeni wake wa kwanza, anizungushe kama atakavyowazungusha watakaolipa.

Lakini mama yake alikuwa na jambo lake. Alishamwambia kwamba mtu wa mlimani hakai ziwani. Atakaa msimu mmoja, ataanza kuumwa na joto, ataogopa maji, mwishowe atamhamisha mwanawe kwenda kulima ngolo, yale mashimo yetu ya milimani. Edmund ni mtoto wake pekee. Mama akikataa, hatamvuka, nami sitamwomba amvuke. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya siku mbili zile.

Na mimi sijui kuogelea. Hilo sikumwambia mtu.

Ya kuona, basi. Jiwe la Pomonda, limekaa majini kama mnyama aliyelala kichwa juu, na Edmund alinisimamisha mahali tofauti tofauti mpaka nikakiri kwamba nimekiona kichwa. Kanisa la misheni, la zamani, ambako nilitarajia Waanglikana wawe na ibada kavu kavu. Nikakuta ubani unafuka na watu wanafanya ishara ya msalaba vilevile kama sisi Wakatoliki wa Kigonsera. Nilipumua kidogo. Mama yake alikuwa kiti cha nyuma yangu na nilihisi macho yake kisogoni misa nzima.

Ya kula. Sisi huku juu usipa, dagaa wa ziwani, tunaujua mkavu, wa kununua sokoni kwa kipimo. Kule niliula uliotoka majini, umekaangwa asubuhi ile ile, na ugali wa muhogo ambao ulinishinda kumega mara ya kwanza ukanifuata mpaka kwenye kiwiko. Mama yake aliniangalia nikihangaika. Hakucheka wala hakunisaidia. Nilikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, na nilikuwa nimeshashiba nusu saa nzima kabla.

Ya kufanya ndiyo yaliyoniponza.

Jana baada ya kanisa Edmund alitangaza kwamba tutakwenda na mtumbwi kulizunguka jiwe, tukale chakula cha mchana upande wa pili. Mama yake alikuwa ameamka mapema kumwandaa mbasa, samaki mzima, kamchoma na kumfunga kwenye majani ya mgomba. Nilitafuta sababu ya kukataa. Kila niliyoipata ilikuwa inathibitisha maneno yake kuhusu watu wa mlimani, kwa hiyo nilipanda.

Edmund alikaa nyuma na kasia, mama katikati na kikapu, mimi mbele, miguu nimeinyoosha, mikono imeng'ang'ania kingo. Maji yalikuwa yametulia na chini nilikuwa naona mawe. Baadaye sikuona tena mawe. Nilianza kusali rozari kimoyomoyo na nilikuwa nimefika mbali tu, nimeanza hata kuifurahia ile baridi ya maji vidoleni, pale mtumbwi mwingine ulipotokea nyuma ya jiwe.

Alikuwa mzee, peke yake, anarudi kutoka kwenye nyavu. Edmund akanong'ona, "Baba mkubwa huyo."

Sasa mtu wa kwetu ataelewa, wengine sijui. Mimi nimelelewa na mama ambaye ukimwamkia mzee umesimama, kofi linakufikia kabla shikamoo haijaisha. Msichana anapiga goti. Njiani, sokoni, kwenye matope, na mzigo kichwani, anapiga goti. Na huyu hakuwa mzee wa njiani, alikuwa kaka wa marehemu baba yake Edmund, mtu ambaye neno lake lingehesabiwa siku ya kupeleka posa. Kichwa changu hakikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Niliikunja, nikageuka upande wake, nikapiga goti, nikainama.

"Shikamoo, baba."

Sijui kama aliitikia. Upande ule wote ulizama, maji yakaingia kama yamealikwa, na ziwa likanifunika.

Sitaeleza sana. Nilikunywa maji. Nilishika kila nilichogusa na nilichogusa kilikuwa shingo ya mama mkwe wangu mtarajiwa, mwanamke anayeitwa bibi kila nyumba, na nilimzamisha. Alinibandua vidole kimoja kimoja. Kisha sauti yake ikawa karibu na sikio langu, imetulia kabisa.

"Usinishike. Lala chali. Nitakushika mimi."

Nililala. Alinishika kidevu, akanivuta mpaka kwenye mtumbwi wa baba mkubwa.

Samaki alikwenda. Kikapu kilikwenda, na kiatu changu kimoja. Tuliporudi, baba mkubwa alieleza mara moja tu kilichotokea, na kabla sijakausha nywele wanawake waliokuwa wanaanika usipa walikuwa wanajua wote. Niliwasikia. "Amepindua mtumbwi kwa shikamoo." Edmund naye alikuwa anang'ata midomo asicheke, na nilimchukia kwa dakika kadhaa, nasema wazi.

 Mama yake alinipa khanga kavu na chai. Leo alfajiri, gari lilipokuja kunichukua, nilipiga goti kumuaga, hiyo ya nchi kavu, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. Basi.

Njia nzima ya kupanda mlima nimeibeba hiyo haya. Nimeigeuza kila upande. Haya ya nenda salama, haya ya nenda usirudi. Alitaka kujua kama mtu wa mlimani anaweza maji, na nimemjibu mbele ya kijiji kizima.

Nimeacha kuandika hapo kwa sababu simu imelia.

Upepo ulikuwa mwingi huko kilimani kwake na maneno yalikuja vipande vipande, lakini nimeyapata.  Anasema jioni hii mama alimuuliza maswali mawili tu.

"Kwao ndivyo wanavyowasalimu wakubwa?"

Edmund akamwambia ndivyo, hata kwenye matope.

"Alijua kuogelea?"

Hajui, mama.

Edmund anasema mama alichambua mchele wote uliokuwa kwenye ungo, ndipo akasema, "Basi aje Ijumaa. Wewe kaa shuleni kwako. Aje na nguo ya zamani, nimfundishe mwenyewe. Huyu nikimwacha hivi, heshima yake itamuua."

Nimemwambia Edmund nitakwenda. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, akaniuliza mara mbili.

 Naogopa maji kuliko nilivyoyaogopa Jumamosi, maana sasa najua ladha yake. Ijumaa nitashuka. Nitampigia goti mchangani, pale ukingoni, mpaka aniambie inatosha. Kisha nitainuka nimfuate.