Upande wa Kushoto wa Baba

Hasifa Muzafaru,
Duka la Kutengeneza Simu, karibu na steji,
S.L.P. 612,
Busia.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mpendwa Dada Ikhlas,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokusumbua Ramadhani nzima umetulia. Joto la Muscat likoje sasa? Unakula ukiwa umekaa, au bado ni wali wa mbiombio ukiwa umesimama? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Shangazi Zulaika anasema nikwambie miguu yake haivimbi tena, na dera ulilomtumia la Idi limemkaa vizuri. Mvua imeanza kwa fujo. Malori yamepanga foleni mpaka mbele ya duka langu na matope ni ya magoti.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti ya WhatsApp. Nimejirekodi mara tatu nikafuta. Nyumba yetu unaijua: ukikohoa chumbani, sebuleni wanakuombea dua. Apeduno, binti wa jirani yetu, anasafiri Jumanne kuja kufanya kazi huko kwenu, basi nimeamua kumpa barua mkononi. Naiandikia dukani, kipande kwa kipande. Nimeshainuka mara mbili kupanga simu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Kazi ipo, lakini simu za siku hizi zinanichosha. Zimegandishwa kwa gundi kila upande, na kubadilisha betri ni kama kumpasua mtu tumbo. Ile kabambe ya Shangazi, simu yake ndogo ya vitufe, ilianguka ndani ya sufuria ya maharagwe mwezi wa pili, nikaianika juani siku moja, na mpaka leo anaitumia kunigombeza. Wateja wananiuliza simu gani ni nzuri, nawaambia ile inayofunguka. Pikipiki za umeme nazo zimefika. Nilipanda moja mpaka Mundika na nikaipenda, ila haina mlio. Mbuzi hawajui inakuja, na watu pia hawajui. Tungekuwa pamoja tungebishana hapa hadi chai ipoe.

Na gemu nilikuwa bado nacheza mpaka Februari, ndiyo, na miaka yangu thelathini na moja. Usicheke. Za mpira sina haja nazo, zangu ni za magari. Ubaya wake ni kwamba barabara zake ni safi mno, hazina baiskeli iliyobeba godoro wala mama anayeanika mihogo kwenye lami. Na ukigonga kitu unabonyeza kitufe, unarudishwa barabarani kama hakuna kilichotokea.

Dada, nazungukazunguka. Wacha niseme.

Siku ya Idi ulipopiga ukauliza kikumi, lile gari ulilomnunulia Baba, kiko wapi, Baba alisema kiko kwa fundi. Hakiko kwa fundi. Kiko uani, chini ya turubai, tangu tarehe ishirini na saba Februari. Shangazi na mimi tulinyamaza kimya, nawe ukaendelea kutuuliza habari za pilau.

Ilianza Jumapili, siku nne kabla ya tarehe hiyo. Kuna dereva wa lori wa Malaba anaitwa Emong, aliyeniachia mashine yake ya gemu nimtengenezee feni, pamoja na usukani wake wa plastiki na pedeli. Nilipomaliza akaniambia niijaribu wiki nzima kabla hajapita kuichukua. Baba akaja dukani mchana kuniletea chakula, akaona ule usukani, akacheka.

"Hiki ndicho mnachoita gari?"

"Kaa ujaribu, Baba."

Akakaa. Unamjua. Miaka thelathini ya kuvuta trela kutoka Mombasa mpaka Kampala, na hakuna aliyewahi kumwambia kitu kuhusu usukani. Alishika ule wa plastiki kwa mikono miwili, mgongo wima, akauliza gia iko wapi. Kona alizikata vizuri kuliko mimi. Lakini kila kilichokuwa upande wa kushoto alikigonga. Nguzo, mapipa, gari lililoegeshwa, vyote. Upande wa kulia hakugusa hata jani.

Nilifikiri ni usukani, nikaupima upya. Nilifikiri ni skrini, nikaweka nyingine. Akagonga tena palepale, akakasirika, akasema mchezo wenyewe umetengenezwa na watu wasiojua barabara. Mimi nikacheka. Kisha nikachukua kikombe chake cha chai nikakisogeza taratibu karibu na shavu lake la kushoto, karibu kabisa, mpaka mvuke ukamfikia. Hakugeuka. Macho yalikuwa mbele, yanaendelea kuendesha. Nikarudisha kikombe mezani.

Sikusema kitu.

Dada, hapo ndipo ninapokwama kila ninapojirekodi. Jumatatu nikajiambia nitasema baada ya kazi. Jumanne Baba aliamka na furaha, anaimba huku akiosha kikumi, nikajiambia tusubiri. Unakumbuka alivyokuwa baada ya Mama kufariki, alivyokaa kitini miezi mitatu bila kuongea, mpaka uliponunua lile gari ndipo akaanza tena kuvaa viatu. Niliogopa kile kiti. Jumatano nilitafuta kwenye simu habari za macho, nikasoma mpaka nikajua jina la ugonjwa, nikafunga simu. Nilijua kabisa, na bado nikanyamaza.

Alhamisi asubuhi Baba alimchukua Shangazi kwenda soko la Nambale kununua vitu vya Ramadhani. Nilisimama mlangoni nikawaaga.

Mundika, pale barabara inaponyooka, alikuwa anatembea mama mmoja anaitwa Akwii, anasukuma baiskeli yenye gunia la mbegu za njugu. Yuko pembeni, nje ya lami kabisa. Kikumi kilimpiga kwa ubavu wa kushoto, yeye na baiskeli wakaingia mtaroni. Baba hakusimama. Hakujua. Alidhani ni shimo, akaendelea kumsimulia Shangazi bei ya sukari. Ni Shangazi aliyepiga kelele, "Muzafaru! Umeua mtu! Simama!" Waliporudi nyuma watu walikuwa wamejaa, wengine wameshika mawe, kwa sababu walioona waliona gari likigonga na kukimbia.

Akwii ndiye aliyewaokoa. Alikuwa amekaa kwenye matope ameshika mkono wake, akawaambia watu kwa Kiteso wamwache mzee, wamsikie kwanza.

Nilifika hospitali kwa bodaboda. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, kwenye kifundo na juu yake kidogo. Baba alikuwa kwenye benchi, kofia mkononi, anarudia neno moja: "Alitokea ghafla. Mama huyu alitokea ghafla."

Akwii alimtazama, bila hasira hata kidogo. Akasema, "Mzee, mimi sikutokea. Mimi nilikuwa hapo tu. Natembea pembeni tangu kanisani."

Baba akaiweka kofia magotini. Emong, ambaye alikuwa Busia siku hiyo, ndiye aliyenisaidia kurudisha gari nyumbani.

Kesho yake, kabla ya swala ya Ijumaa, Baba alikuja dukani akavuta mlango nyuma yake. Mashine bado ilikuwepo. Akakaa mbele ya usukani, akaniambia, "Washa."

Nikawasha. Akaendesha polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Akagonga nguzo. Akarudia barabara ileile, safari hii akageuza kichwa chote kushoto, na nguzo akaiona. Akarudia mara ya tatu macho yakiwa mbele, akaigonga tena. Akaachia usukani.

"Ulinipima na hiki kitu?"

"Sikukupima, Baba. Niliona tu."

"Uliona lini?"

Ningeweza kudanganya. "Jumapili," nikasema.

Akahesabu kwa vidole, taratibu, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alipofika Alhamisi akasimama. "Nikaondoka na shangazi yako ndani ya gari," alisema. "Na wewe ukanipungia mkono."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivaa kofia akaenda msikitini, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya duka, sijui nikae wapi. Na kwa kweli, Dada, tangu siku ile sijui kukaa. Nikifungua simu ya mteja naacha skrubu mezani naenda mlangoni. Nikienda mlangoni narudi. Shangazi anasema nyumba ina watu wawili wanaotembea kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulimpeleka Baba kliniki ya macho wiki iliyofuata. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki na kitundu kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye mrija. La kulia limeanza lakini linaweza kushikiliwa kwa dawa za matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Daktari, kijana mpole, alimwambia asiendeshe gari tena. Baba akauliza, "Hata mpaka msikitini?" Daktari akasema hata mpaka msikitini. Baba akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaushika tu, akaurudisha. Matone hakosi. Anajiwekea mwenyewe, na mimi namshikia saa.

Sasa habari ya Akwii. Ana watoto watatu wadogo na mume yuko Kampala kwenye ujenzi. Mvua imekuja, mashamba ya wenzake yamepandwa, na yeye mkono uko ndani ya plasta. Kwa hiyo kila Jumapili tunakwenda kwake, Baba na mimi, tunapanda bodaboda mbili. Baba anakaa naye chini ya paa la jikoni wanabambua njugu za mbegu, na hiyo ni kazi ya vidole haihitaji macho. Wanacheka, wanaongea habari za Mbale na za barabara za zamani. Mimi nalima. Mikono yangu ya kushika bisibisi imetoka malengelenge, yamepasuka, yameota mengine.

Jumapili ya kwanza nilimwambia ukweli. Jua lilipozama alituletea ugali wa kufuturu, nami sikuweza kuula bila kusema. Nilimwambia nilijua tangu siku nne kabla, na nilinyamaza kwa sababu nilimwonea baba yangu huruma. Aliweka sahani chini. Akaiangalia plasta yake.

"Mzee nimemsamehe," akasema, "kwa sababu hakuniona. Lakini wewe, dada, wewe uliniona. Ulikuwa umekaa huko Busia na ulikuwa unaniona. Wewe ngoja kwanza."

Basi nangoja. Ni Jumapili ya nne sasa. Ananionyesha mstari wa kupanda kwa mkono mzima, ananipa maji, lakini hanipi maneno. Sina la kulalamika. Kesho nitakwenda tena, na ile plasta ikitolewa pia nitakwenda mpaka palizi iishe. Yeye hakuniomba, na sidhani kama ni malipo. Nikibaki dukani nazunguka tu, kule angalau jembe linanishika mahali pamoja.

Mashine ya Emong niliirudisha. Gemu sijagusa tangu siku ile, isipokuwa mara moja, wiki iliyopita. Nilicheza kama dakika tano kwenye mashine yangu ya zamani. Nikagonga mzee wa kuchorwa aliyekuwa amesimama kando ya barabara, kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe, nikazima umeme ukutani. Ninajifunza kuendesha sasa, gari la kweli. Mwalimu wa shule ya udereva anasema sina haraka na ananisifu kwa hilo. Anadhani ni nidhamu.

Jambo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Baba atakupigia Ijumaa baada ya swala, ameamua kukwambia mwenyewe. Juzi alfajiri nilimsikia uani, ameegemea kile kikumi, anajizoeza. "Ikhlas, mwanangu, nilimgonga mtu." Anasimama. Anaanza tena. "Ikhlas, mwanangu." Nilimsikia akianza mara nne na hakumaliza hata moja. Akipiga, nakuomba usimsaidie maneno, na usimwonyeshe kwamba unajua. Mwache afike mwisho kwa mwendo wake. Muulize habari za matone, atafurahi kueleza.

Ila sehemu yangu hatakwambia. Namjua. Atasema macho yalimdanganya, gari lilikuwa lake na kosa ni lake, na jina langu halitatajwa popote. Jumapili ile ya kwanza, kabla sijasema langu, Akwii alipomuuliza mbele yangu kama alijua anaumwa, alijibu, "Nyumbani kwetu hakuna aliyejua." Alisema hivyo huku ameugeuza uso wote upande wangu, upande wa kushoto, ili anione.

Ndiyo maana nimekuandikia, Dada. Ukimsikia akinificha, ujue anachokificha.

Wasalimie wenzako wa kazini, hasa yule mama wa Tororo anayekusuka nywele. Shangazi Zulaika anakusalimia na anakuombea. Msalimie Apeduno akifika salama na umwonyeshe duka la vyakula, bado mgeni. Mungu akulinde katika usiku na mchana wako, akutoe huko ulikoenda akurudishe kwetu ukiwa na afya, na atukutanishe Baba akiwa bado anakuona uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata kama baada ya kusoma haya utanikasirikia,

Hasifa