Matangi ya Wakubwa na Mapipa ya Mpwa Wangu

Nzuguni, Jumatatu jioni. Juzi mvua ya kwanza ilinyesha, jana jua likarudi kwa ukali wake, na leo moyo wangu hautulii.

Shamba letu, lililo njia ya Chemba, limelowa, ila si kwa muda mrefu. Tusipopanda mtama sasa, udongo utakauka na mwakani tutakula cha kununua. Anayetulimia ni Ndahani wa Msalato, mtoto wa dada yangu, mwenye trekta.

Asubuhi redio ilitangaza kwamba mataifa makubwa yamefungua akiba zao za mafuta za dharura. Bei ya dunia ikaanza kushuka kabla pipa hata moja halijatoka. Habari peke yake ilitosha.

Nilifurahi, nikaenda kituo cha mafuta kuulizia. Wahudumu walikuwa wameketi kivulini. Dizeli hakuna. Bei mpya za mwezi zitatangazwa Jumatano hii, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kukutwa na tangi lililojaa mafuta aliyoyanunua ghali. Habari za wingi zimetuletea uhaba.

Sidhani kama ni bahati mbaya.

Nilimpigia Ndahani, kwa kuwa najua ana mapipa ya dizeli nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo, mjomba. Dizeli ninayo, lakini niliinunua ghali. Nitalima kwa bei ileile, au usubiri Jumatano."

"Marahaba. Na bei ilipopanda, ile dizeli uliyoinunua rahisi ulitulimia kwa bei gani?"

Akacheka. "Mjomba, hesabu hizi ulinifundisha mwenyewe."

Nilikata simu nikiwa nimeazimia kusubiri. Mke wangu alikuwa akichagua mbegu. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Neema, hiyo nafuu ya Jumatano tutaipika?"

Niliichukua simu.

Nimempigia tena Ndahani na kuikubali bei yake. Ataanza kulima alfajiri, udongo ukiwa bado mbichi.

Nasikia nasi tunakusudia kujenga akiba ya mafuta ya taifa. Ni jambo jema, na ninaliunga mkono. Lakini anayejua mapema siku ya kufunguliwa kwa matangi hujua pia siku ya kununua na siku ya kuficha.

Basi najiuliza: huyo atakayekabidhiwa ufunguo atakuwa mjomba wa nani?