Mlango wa Mwanga, Temeke

Jumatatu, 3 Julai 1995
Vioo tena. Cha tatu kinakaa upande. Nakigonga, kinakaa upande. Mie mchora vibao vya maduka, leza nimeijulia wapi? Ukumbi wa dansi kule Mbezi Beach umefungwa, mwenyewe kaniazima mashine mpaka Jumapili. Mwali mmoja mwekundu, vioo vitatu: unapanda, unavuka, unashuka. Mlango wa mwanga katikati ya uwanja, mtaa mzima uuone. Na Seif akitokea barabarani, auone.
Seif, mume wangu, alizamia meli mwaka juzi, kajificha kwenye shehena. Hajaandika hata neno. Namtaka, basi.

Jumatano, 5 Julai
Umeme umerudi, alhamdulillahi. Nimewasha. Sikuona kitu! Nukta nyekundu ukutani tu. Kumbe mwali hauonekani bila moshi, na mashine ya moshi ya kule ukumbini imekufa. Nimelia kwa hasira. Kioo cha kwanza ndicho alichokuwa akinyolea Seif. Nimejiona humo, sura mbaya.

Ijumaa, 7 Julai
Balaa. Nilipata wazo: ubani. Nikaazima vyetezo, nikafukiza baada ya magharibi. Mlango ukatokea! Mwekundu, umenyooka, moshi unatembea ndani yake. Nikapiga ukelele wa furaha.
Upepo ukapeleka harufu mitaani. Ubani, na mke wa mzamiaji anapiga ukelele. Wanawake wakaja wamejitanda khanga, wanalia, "Pole mwenzetu, habari zimefika lini?" Mama mkwe akaja mbio, miguu mitupu, akakaa chini mchangani. Nikamwapia hakuna habari yoyote.
"Umemzika mwanangu," akasema.
Nikazima. Mjinga mie. Harufu ya matanga, nilisahau vipi?

Jumamosi, 8 Julai
Shikamoo yangu kwa mama mkwe haikuitikiwa. Chai nimekunywa peke yangu.
Ubaya ni huu: walipokuwa wanamlilia, kuna mahali moyoni palipumua. Nimechoka kungoja. Sitamwambia mtu.
Kesho nang'oa nguzo za vioo.

Jumapili, 9 Julai
Giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa nimeshika koleo. Mama mkwe kaja na chetezo chake na kifurushi cha udi. Naujua ule udi. Aliununua wiki ile ile Seif alipoondoka, wa kumpokelea. Idi zote tulinyimwa, hata harusi ya wifi yangu. Kauvunja wote, kautia kwenye makaa.
Nikamuuliza, "Na akirudi, mama?"
"Tutanunua mwingine. Washa taa yako."
Nikawasha. Mlango ukasimama. Mama akainamisha kichwa, akapita katikati, akasimama upande wa pili akitazama barabarani. Nikamfuata. Akanishika mkono.
Makaa yakazimika, moshi ukaisha, mlango ukapotea. Mashine ilikuwa bado inawaka.