Kwa Mama Mikataba, Kutoka kwa Waliokununia

Mwaka umetimia, Dada, tangu uanguke ukiwa kazini, miwani ikiwa kichwani, na gazeti la kesho yake likatoka bila makala yako.

Wenzako walikuita Mama Mikataba. Wao walikimbilia mabao. Wewe uliandika biashara ya michezo: nani kauza haki za matangazo, nani kanunua, na mwanariadha mwenyewe kaambulia nini. Ukitazama mechi nasi ulizima sauti, ukasoma mabango ya kando ya uwanja. Tukikuuliza nani kafunga, unajibu, "Sijui, ila najua nani kalipia zile jezi." Tulikucheka mpaka mbavu zikauma.

Ulisafiri nchi za watu ukarudi na vitambulisho vya mikutano, vile vya kuning'iniza shingoni, ukawavisha watoto wa mdogo wako. Walizunguka sebuleni wakimhoji bibi yao. Na kila asubuhi ulimpigia Mama simu: "Shikamoo Mama. Dawa umekunywa, au umezificha tena?"

Kisha ikaja ile habari ya shirikisho la riadha. Mwenyekiti alikuwa ameiuzia kampuni ya shemeji yake haki za kuonyesha mashindano, kwa bei ya kutupa. Mdogo wako alikuwa karani wa masijala palepale. Tukakuitia kikao, nyumbani kwa Mama.

"Mwanangu, iache hiyo," Mama alisema. "Mwenzio ana watoto."

"Mama, wale wasichana wa riadha wanakimbia na viatu vya kuazima. Nimeikalia miezi miwili. Siwezi tena."

Mdogo wako akasimama. "Ukiandika, mimi na wewe basi."

Ukaandika. Hukumtaja, wala nyaraka hukuzipata kwake. Ulizipata ng'ambo, kwa watu waliotaka kununua haki hizo wakanyimwa. Wakubwa wake hawakujali. Wiki haikuisha, wakamfukuza. Nasi wote tukakununia. Simu zako tuliziacha ziite mpaka zikate. Mwanao alipohitimu chuo, hakuja hata mmoja wetu. Tuliambiwa ulikuwa umetuwekea viti, safu nzima.

Jumamosi moja ukaenda kwa mdogo wako. Wifi yako akakupokea barazani, akakuambia mumewe amesafiri. Hukubisha. Ulikunywa maji, ukauliza kama analala vizuri, kama anakula.

"Mwambie niliwaandikia wakubwa wake kwamba hakunipa hata karatasi moja," ukasema. "Nitawaandikia tena."

Ukaaga.

Siku kumi na moja baadaye tulipigiwa simu kutoka chumba cha habari. Presha, wakasema.

Msibani tulimwambia kila aliyeuliza kwamba mdogo wako hakuwahi kupatana nawe kwa kuwa alikuwa safarini. Haikuwa kweli. Jumamosi ile alikuwa chumbani, nyuma ya mlango, ameshika kitasa, na alikusikia neno kwa neno. Anasema alikuwa akingoja uombe radhi ndipo atoke. Wifi yako naye hajasahau jinsi ulivyomshukuru kwa maji, huku yeye akishindwa kukutazama usoni.

Juzi mdogo wako alimweleza Mama yote, akamuuliza kama tangazo hili la kumbukumbu liseme ukweli huo au tubaki nao wenyewe.

"Andika kama ilivyokuwa," Mama akasema. "Yeye angeandika."

Tusamehe, Dada.

Unakumbukwa na Mama yako mzazi, mwanao, ambaye ametusamehe kabla hatujastahili, mdogo wako, wifi yako, watoto wanaokuita shangazi, na sisi ndugu zako wengine tulioziacha simu ziite. Maisha yetu yote utabaki mioyoni mwetu.