Papa, Dawa Si Kitambaa

Papa,

Amani iwe juu yako na juu ya majirani zako huko makaburini mliko. Leo tumekusanyika katika karakana yako ya ushonaji hapa Kamembe, sisi familia zenye wagonjwa wa kutetemeka, maradhi yaleyale yaliyokaa nawe miaka mingi. Wameniomba nifungue kikao. Nimewaomba radhi niseme nawe kwanza.

Cherehani yako ipo palepale karibu na mlango. Unakumbuka ulivyokuwa ukiganda kizingitini, miguu imenata kana kwamba imeshonwa sakafuni? Uliniambia bila haya, mimi binti yako uliyezoea kumwita Maman: "Maman, nipigie mashini." Nikikanyaga pedali, miguu yako iliusikia mdundo, ikakumbuka kazi yake, ukavuka kwa madaha.

Kisha corona ikaja. Daktari wako alikuwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na vidonge vyako vilitoka huko. Tulizoea kuvuka asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Daraja la mpakani likafungwa kwa watu, ila malori ya mboga na bidhaa yakaendelea kupita. Ulikaa kibarazani ukiyatazama, ukasema, "Nyanya ziko na ruhusa, mimi sina." Tulicheka, Papa. Hatukujua ulichokuwa umeanza kufanya.

Ukazidi kuganda. Hata cherehani haikukuvusha tena. Ukaanguka kando ya meza ya kukatia. Siku chache baadaye Mama, akitafuta kifungo cha kanzu yako, alikuta ndani ya kopo la vifungo vidonge vizima, nusu, robo na unga wake, vyote vimefungwa katika kipande cha satini. Ulikuwa ukivikata kwa mkasi. Kingo zilikwenda upande, nawe ndiwe fundi uliyekata suti za mabwana harusi wa mji huu. Tulipokuuliza, ulijibu kwa utulivu kabisa: "Muntu anakataka nguo kufwatana na kitambaa. Siku ya ndoa yako sitaki mukono utetemeke."

Ndoa yangu ilikuwa imekaribia. Wewe ndiwe walii wangu. Ungeushika mkono wa bwana harusi na kuniozesha. Kwa ajili ya dakika hiyo moja ulikuwa ukiweka akiba ya vidonge, ukijinyima kutembea.

Sikuwahi kukuamuru jambo, isipokuwa siku ile. Nilisema, "Papa, dawa si kitambaa. Meza kizima leo. Mkono ukitetemeka, bwana harusi atashika unaotetemeka." Ukaomba maji.

Muuguzi wa kituo cha afya alimpigia simu daktari wako, wakaelewana, dawa ikatafutwa Kigali. Ilifika baada ya ndoa, si kabla. Siku yenyewe tulikuwa wachache, wote tumevaa barakoa alizoshona Mama kwa mabaki ya gauni langu. Sheikh alisema kushikana mikono si sharti, tuache kwa sababu ya corona. Ukautia mkono mfukoni mwa kanzu, ukayatamka maneno ya kuniozesha bila kukwama, kisha ukaninong'oneza, "Corona imenifichia mukono." Lakini mkweo, bwana harusi wangu, hakuridhika. Alijipaka dawa ya mikono, akauomba mkono wako, akaushika mpaka dua ikaisha. Ulitetemeka wote. Hakuna aliyeangalia pembeni.

Ulituacha daraja likiwa limefunguliwa zamani. Vidonge vyako sasa hupatikana upande wetu, ingawa si kila mara, na mpaka ni mpaka. Haujaahidi mtu kitu. Ndiyo maana tunakutana. Asubuhi hii mama mmoja anayekaa karibu na uwanja wa ndege aliganda kwenye kizingiti chako hichohicho, uso umemwiva kwa aibu. Nikaketi kwenye cherehani, nikakanyaga. Aliingia akicheka, akauliza ni nani aliyetufundisha. Nikamwambia: Mzee wa nyumba hii.

Nakuahidi mbele ya hawa wote. Yeyote atakayeona dawa yake inapungua atasema humu, kabla hajajipunguzia mwenyewe. Tutahangaika pamoja. Na mkasi wako utakata vitambaa tu.

Nenda salama, Papa wangu. Mola aitulize mikono yako. Nami siku yangu ikifika, nikikukuta umeganda mlangoni ukija kunipokea, usihangaike. Nitakupigia mashini.